Jinsi ya Kumwambukiza Mwenzako Jagwa

Jagwa Music ni kundi la mchiriku la hapa hapa Dar es Salaam. Lilizaliwa uswahilini miaka ya mwanzo ya 1990, na vyombo vyake ni ngoma, vijiti, kinanda kidogo cha Casio, maiki na spika za honi, zile zinazofungwa juu ya gari la matangazo. Anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuna waya umegusana mahali. Hakuna kilichoharibika. Ndivyo muziki wenyewe ulivyo, na mimi sijasikia bendi nyingine ya jiji hili inayopiga kwa ukali na kasi ile huku kila kitu kikibaki mahali pake.

Linalouma ni jinsi watu wa Dar wenyewe wasivyolijua. Kijana wa Mbezi Beach anakutajia bendi za rock za Seattle moja baada ya nyingine, ila Jagwa hajapata kuisikia. Dada wa Tandika aliyekua huku mchiriku ukilia mtaa wa pili anaujua vizuri sana, ila mbele za watu anaukana. Wote wawili wanapatikana. Vidokezo hivi ni vyako wewe uliyekwisha kunogewa, na sasa unatafuta njia ya kumvuta mwenzako.

1. Habari za Ulaya ziweke akiba

Mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu ya Jagwa iitwayo Bongo Hotheads, na vijana wetu wakapanda majukwaa ya matamasha huko Ulaya. Ni jambo kubwa. Lakini ukianza nalo, mwenzako atasikiliza kwa adabu tu. Atatikisa kichwa, atasema "safi, wametuwakilisha," kisha atarudi kwenye simu yake. Wewe unataka ashtuke kwanza. Brussels itafaa siku atakapouliza mwenyewe, "Hivi hawa jamaa ni kina nani?"

Kuna sababu nyingine ninayoijali zaidi. Tukizoea kuutangaza muziki wa uswahilini kwa vibali vya nje, tunasahau kwamba watu wa Mwananyamala, Tandale, Keko na Mbagala walikuwa wakiujazia viwanja miaka mingi kabla mzungu yeyote hajaweka kinasa sauti mezani. Hao ndio waliouthibitisha. Wataje hao.

2. Achana na spika ya simu

Spika ya simu inazimeza ngoma zote na kukuachia mlio wa kinanda peke yake. Mtu akiusikia hivyo akaukataa, usimlaumu. Tafuta sabufa, hata ile ya sebuleni kwa shemeji, au hedifoni zinazofunika sikio lote. Sauti iwe juu kidogo kuliko mlivyozoea.

Na ujue kwa nini muziki huu unalia vile, maana utaulizwa. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kutoa sauti kuliko uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na hapo unazaliwa ukwaruzo mkali ambao kwenye kinanda haukuwepo. Spika ya honi nayo imeundwa kupeleka maneno ya mtu mbali: sauti nzito haizitoi, inachukua zile za katikati na kuzirusha mbele. Maiki ikiisogelea honi inapiga mluzi, kwa sababu sauti inayotoka inaingia tena kwenye maiki, inatoka na nguvu zaidi, inaingia tena. Mafundi mitambo wa kumbi kubwa wanalipwa ili kuyaondoa hayo yote. Mchiriku umeyapokea, ukayafuga, ukayapa kazi. Besi imeachiwa ngoma, na ngoma haisubiri TANESCO.

3. Wimbo mmoja, mara mbili

Usimtumie mtu nyimbo kumi kwa mpigo. Mchezeshee mmoja, ukiisha uurudie ule ule.

Raundi ya kwanza mwambie afuate kinanda tu. Atagundua mpigaji hatafuti kodi za kinanda cha kanisani. Anapiga vipande vifupi vinavyozunguka, anavirudia, anavibana, anavivunja mwishoni na kuanza upya. Mimi nikisikiliza nasikia zumari ya ngoma za pwani mle ndani, ile inayolia juu ya ngoma bila kupumzika. Hakuna aliyenifundisha hivyo, ni masikio yangu, lakini ukishamwambia mtu hivyo ni nadra aache kuisikia.

Hapo mnaweza kuzungumza kidogo kuhusu Casio yenyewe. Kampuni hiyo ya Japani ilivitengeneza vinanda hivi vidogo kwa ajili ya nyumbani, watoto na wanaojifunza. Kimojawapo, MT-40 cha mwaka 1981, kilikuwa na mdundo uliotungwa na mwanamke wa Kijapani, Okuda Hiroko. Mwaka 1985 vijana wa Kingston wakauchukua mdundo huo, wakaimbia juu yake, na wimbo wa Wayne Smith, Under Mi Sleng Teng, ukageuza reggae nzima kuelekea kwenye mashine. Dar kinanda cha jamii hiyo kilipata kazi tofauti. Wajamaika walikitaka kwa ajili ya mdundo. Sisi mdundo tulikuwa nao, tena wa kutosha. Tulikitaka kwa ajili ya kulia. Chombo cha mtoto kutoka Tokyo kimegeuzwa katika bandari mbili kwa njia mbili, na watu wasiokuwa na uwezo wa kununua vyombo vya bendi. Mimi habari hiyo hainichoshi kuisimulia.

Raundi ya pili afuate ngoma. Mchague ngoma moja tu, aishike kwa mguu, asiiachie mpaka wimbo uishe. Kuna ngoma inayoshikilia, kuna inayozungumza, kuna vijiti vinavyogonga mbao kwa haraka kiasi kwamba ukijaribu kuvihesabu unapotea. Ngoma za Wazaramo zimo mle, mdundiko ukiwa mmojawapo, ule wa kuzunguka nao mitaani watu wakifuata nyuma. Kama mna bibi nyumbani aliyekulia Kisarawe au Mzizima ya zamani, mpe hedifoni. Usimweleze kitu. Muamkie, mkalishe vizuri, mwekee wimbo, halafu tazama mabega yake.

4. Kama anacheza singeli, kazi imebaki nusu

Kijana wa leo ambaye hajawahi kusikia mchiriku ni shida kumpata. Anachokosa ni kujua kwamba ameusikia. Singeli ilitoka humo. Watayarishaji wa uswahilini walichukua vipande vya mchiriku, ambao wengine wanauita mnanda, na vipande vya taarabu, wakavirudia kwenye kompyuta, wakavikimbiza mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika. Wakaja waimbaji akina Msaga Sumu. Mwaka 2016 Man Fongo na wimbo wake Hainaga Ushemeji wakaingia hata kwenye harusi za ushuani, na redio ya EFM kwa matamasha yao ya Muziki Mnene wakaupa nafasi muziki huu wakati redio nyingine bado zinasitasita. Studio ya Sisso ya Mburahati ikakusanya vijana wake kwenye albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kwa hiyo mwache achague singeli anayoipenda yeye. Icheze. Ikiisha, bila maneno, weka Jagwa. Atasikia mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba anaufahamu muziki huu, na kwamba hapa anapiga mtu. Kompyuta haichoki. Hawa wanachoka, unawasikia wakichoka, na wanaongeza kasi hivyo hivyo. Kwangu hiyo ndiyo tofauti inayonirudisha kwa Jagwa kila mara, pamoja na heshima yote niliyonayo kwa singeli.

Mwambie pia ukweli wa mfukoni, maana ndio uliobadilisha mambo. Mwenye shughuli akiita kundi la mchiriku analipa watu kadhaa, anawalisha, anatafuta usafiri wa ngoma na spika. Akimwita DJ wa singeli anakuja mtu na kompyuta yake na fleshi mfukoni. Makundi mengi yalipungukiwa na mialiko kwa hesabu hiyo, wala si kwa sababu watu waliacha kuupenda muziki.

5. Mpenzi wa magitaa mpitishie njia yake

Yule wa Mbezi Beach, mwenye fulana ya Nirvana, usimbembeleze kwa mambo ya utamaduni. Zungumza naye kelele. Anajua kwamba Sonic Youth walijenga nyimbo nzima juu ya mluzi wa gitaa na amplifaya. Anajua kwamba mwaka 1985 The Jesus and Mary Chain walitoa Psychocandy, nyimbo tamu zilizozikwa ndani ya ukwaruzo, na watu wakauita ushujaa. Basi mwambie huo ushujaa upo hapa, nauli ya daladala tu, na kwamba waliouanzisha hawakuwa wanaasi dhidi ya studio nzuri. Studio nzuri hawakuwa nayo.

Njiani mkutanishe na Konono No. 1 wa Kinshasa, waliounganisha likembe, kinanda cha vidole gumba, na vipaza sauti walivyojitengenezea kwa vyuma chakavu. Albamu yao ya Congotronics ilitoka mwaka 2004 kwenye lebo ile ile ya Brussels, na mwaka 2007 Björk akawaita kwenye wimbo wake. Akishika Konono, Jagwa atameza.

Kama ni wa kusema Tanzania hatujawahi kuwa na rock, mtulize kwa Sunburst. Walikuwa bendi ya Dar miaka ya 1970, wakapiga rock na funk kwa ladha ya hapa, wakatoa LP yao Ave Africa mwaka 1976. Lebo ya Strut ilizirudisha sokoni rekodi zao mwaka 2016. Sunburst ni bendi nzuri sana, na inastahili makala yake. Hapa inatusaidia kuonyesha kwamba jiji hili lina historia ndefu ya vijana wanaochukua umeme na kuutumia wanavyotaka wao.

6. Akisema ni muziki wa kihuni

Atasema. Jiandae, na usikasirike.

Neno hilo limeutembelea karibu kila muziki wa vijana wa Dar. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini humu, kwa hoja kwamba unaharibu maadili na si wetu. Bongo Fleva ilipoanza wazazi waliitazama kwa jicho lile lile. Leo wabunge wanaichezesha kwenye kampeni. Mchiriku umekaa na lawama muda mrefu kuliko hizo zote, kwa sababu haukupata kuhama uswahilini, na uswahilini kwenyewe ndiko kunakoitwa kwa wahuni. Redio ziliukwepa. Vigodoro, ile mikesha ya ngoma mitaani, vilipigwa marufuku na viongozi hapa na pale, na mchiriku ukaingia kwenye kapu hilo hilo.

Usimdanganye mwenzako kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Kwenye mikesha ya namna hiyo kumekuwa na ugomvi, na wizi, na watoto ambao wangepaswa kuwa wamelala. Kubali hayo. Kisha muulize: baa ya barabara kuu inayofunga alfajiri haina ugomvi? Mbona hapo tunasema baa ile ina matatizo, na hapa tunasema muziki ni wa kihuni? Nimeona swali hilo likimnyamazisha mtu mzima mwenye msimamo wake, akaomba kusikia tena.

7. Maneno yasikilizwe hadi mwisho

Kasi inawadanganya wengi kudhani hakuna kinachosemwa. Jackson Kazimoto, mwimbaji wa mbele wa Jagwa kwenye albamu ile ya 2012, anatema maneno kwa haraka, lakini kila neno lina mahali pake. Mchiriku unasimulia maisha yanayopitika: mpenzi asiyetulia, kazi isiyopatikana, unga unaowamaliza vijana, ushirikina, ndugu wanaokukimbia ukifulia. Ni mambo ya mtaani yanayosemwa na watu wa mtaani, bila kuzunguka.

Ushauri wangu: kaeni na wimbo mmoja mkiwa hamna haraka, kila ubeti usimamisheni, mkubaliane amesema nini. Mtabishana. Mmoja atasikia hivi, mwingine vile, na mtarudisha nyuma mara kadhaa. Mtu aliyebishana kuhusu maneno ya wimbo ameshaingia ndani yake.

8. Mpeleke

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na yale saba yaliyotangulia ni maandalizi tu. Mchiriku ni muziki wa uwanjani. Kwenye rekodi unasikia sauti. Uwanjani unaona kazi.

Wa kupigwa kwa mikono haupatikani kila mtaa siku hizi, hivyo uliza. Waulize bodaboda wa Mbagala, Tandika, Buza au Mwananyamala, maana wao ndio wanaopeleka watu usiku na wanajua nani ana shughuli wapi. Miezi ya likizo za shule kuna sherehe za kumtoa mwali. Mwezi wa Shaaban ndoa zinafuatana, na siku za kuvunja jungu kabla ya Ramadhani watu hawalali. Ramadhani yenyewe usisumbuke, ngoma zimewekwa. Kwa mtu ambaye bado anaogopa usiku wa uswahilini, anza naye Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama siku yenye ngoma za asili, asikie mizizi ya mdundo mchana kweupe, ndipo umpandishe daraja.

Mkifika, mtafute mwenye shughuli kwanza. "Shikamoo mama, hongera, tumekuja kukusindikiza." Hayo yanatosha, na mara nyingi yanaleta viti. Msisimame kando mmefunga mikono kama wakaguzi.

Sogeeni karibu na mpiga kinanda. Hapo ndipo mwenzako atakapopatikana. Mpigaji amekaa kwenye kiti cha plastiki, kinanda kiko mapajani, na pale mfuniko wa betri ulipokuwa zamani pamebandikwa gundi ya karatasi. Waya mwembamba unatoka kwenye tundu la hedifoni, unapita mchangani, unaingia kwenye amplifaya ambayo maandishi yake yamefutika kwa kushikwa. Honi imefungwa juu ya mti, imeelekezwa uwanjani. Vidole viwili, mara vitatu, vinafanya kazi yote, na kwa sababu vitufe ni vidogo kuliko vidole, mkono umekunjwa kwa namna ambayo mwalimu wa muziki angeukemea. Hatazami kinanda. Anamtazama mpiga ngoma, na mpiga ngoma anamtazama anayecheza katikati. Mchezaji akishuka chini, ngoma inashuka naye. Akisimama ghafla, kinanda kinakata. Mwenzako akishaona macho yale yanavyopokezana hatakuwa na haja ya maelezo yako tena.

Mambo ya heshima ni machache. Mwali hapigwi picha, na hata kwa wengine uliza kabla hujainua simu. Mkifurahi, tunzeni. Nendeni na noti ndogo ndogo, buku na buku mbili, mkampe mwimbaji mkononi au mziweke mbele ya wapigaji, si kurusha. Pesa hiyo ni ujira wao wa kweli usiku ule, na mtu anayejifunza kutunza anajifunza pia kwamba muziki huu una watu wanaoishi nao.

9. Msiwatese majirani

Ukishapenda kelele, unasahau kwamba kuna mtu wa ukuta wa pili mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au mtihani wa kidato cha nne kesho. Huyo naye ana haki. Mkiandaa shughuli ya mchiriku, pitieni serikali ya mtaa mpate kibali, semeni saa ya kumaliza na muiheshimu, na honi zielekezwe uwanjani, si madirishani kwa watu. NEMC, baraza la mazingira, wamewahi kufungia baa na kumbi jijini kwa ajili ya kelele, na shughuli ya mtaani haina kinga. Kila shughuli inayovunjwa na polisi saa nane usiku inampa mtu mmoja zaidi sababu ya kusema alijua tu ni wahuni. Inaniuma, kwa kuwa wapigaji ndio wanaobeba lawama wakati saa ya kumaliza hawakupanga wao.

10. Mwache akatae

Wengine watasema hapana. Waache. Usiwatumie wimbo tena wiki ile wala usiwasute. Wengi hurudi wenyewe, mara nyingi baada ya kusikia singeli fulani kwenye mwendokasi na kujiuliza kile kinanda wamekisikia wapi.

11. Tafuteni kanda pamoja

Mwenzako akishanogewa mpe kazi. Kabla ya albamu ya Brussels kulikuwa na kanda, nyingi, zikiuzwa Kariakoo na kwenye vibanda vya stendi. Na Jagwa hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Gari Kubwa, Tokyo Ngma, Atomic Advantage, Buti Musical Group na wengine. Sehemu kubwa ya muziki huo haimo kwenye mtandao wowote. Iko ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wajomba zetu, na joto la Dar na unyevu wa pwani vinaimaliza taratibu.

Anza na ukoo wako. Muulize mjomba aliyekuwa na redio kaseti kubwa, muulize kondakta mstaafu wa njia ya Mbagala, maana daladala za zamani zilikuwa na kanda zake. Ukipewa, usiitumbukize tu kwenye redio. Itazame kwanza kwenye mwanga: ukungu mweupe ukingoni mwa utepe maana yake ni kwamba ikichezwa hivyo itachafua hedi na kujikwaruza yenyewe. Kama ni safi, ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu, uizungushe polepole kwa mkono hadi upande wa pili na kuirudisha, ili utepe ulioganda uachane bila kukatika. Safisha hedi ya redio kwa pamba yenye spiriti na uiache ikauke. Kama kasha limevunjika, fundi redio mzuri atauhamishia utepe kwenye kasha jingine kwa bisibisi na uvumilivu. Wapo bado Kariakoo na Tandika.

Kisha unganisha waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta, urekodi upande A na upande B bila kusimamisha, hata pale palipo na kimya au mtu anapotaja namba ya posta. Usisafishe ukwaruzo kwa programu. Ukwaruzo wa utepe ni mmoja, wa mchiriku ni mwingine, na programu haijui kuutofautisha, itauondoa wote. Hifadhi mahali pawili. Mrudishie mjomba kanda yake pamoja na nakala kwenye fleshi, na kabla hujaondoka muulize na uandike: jina la kundi, majina ya wapigaji anaowakumbuka, mtaa waliokuwa wakikaa, na shughuli ya nani ilikuwa siku aliyowasikia.